Gasketi Mbili Chini ya Lakiri Namba Saba

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi saa na mshonaji, akafuatiwa na wadogo watatu. Mdogo wake anayewasomea haya alilala naye kitanda kimoja miaka tisa, na anashuhudia kwamba hata shuka lilipimwa kwa rula, kila mtu apate nusu yake.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha chuo cha ufundi, akahitimu uchongaji wa vyuma Novemba 1979. Mwaka 1981 aliajiriwa kiwandani, kwenye injini za vigari vidogo vya mashindano, vile ambavyo dereva hukaa karibu aguse lami. Injini zilitoka zimefungwa kwa waya na lakiri ya risasi, asizifungue mtu, ili watoto washindane kwa ustadi na si kwa mfuko wa baba. Kila fundi alikuwa na namba ya lakiri; namba saba ilikuwa ya marehemu. Wenzake walimwita Unywele, maana alikurudishia kazi kwa tofauti ndogo kuliko unywele, na ukinuna alikupa chai yake.

Alifunga ndoa na muuguzi tarehe 6 Septemba 1986, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1991. Alipotimiza miaka kumi na miwili, binti akataka kushindana. Fundi mmoja wa kiwandani akamshauri marehemu, "Mchagulie mtoto iliyo nzuri, bwana."

"Nzuri ipi? Zote ni sawa." Akachukua ya kwanza kwenye rafu, yenye lakiri yake mwenyewe.

Misimu mitatu binti alishika mkia. Kona alizikata vizuri kuliko wote, lakini njia ikinyooka walimpita. "Baba, injini haivuti," alilia.

"Injini zote ni sawa, mama. Mguu wako ndio unaogopa."

Mkewe alimsihi aifungue, japo aiangalie tu. Kuifungua kungemwondoa mtoto mashindanoni. "Lakiri haifunguliwi kwa sababu ya machozi," alisema. Mwaka 2005 binti alivua helmeti akaiacha uwanjani. Tangu siku hiyo hakumpa baba yake zaidi ya salamu.

Mwaka uliofuata injini ile ilirudi kiwandani kwa matengenezo, ikaangukia meza ya marehemu. Chini ya silinda, mahali pa gasketi moja, kile kipande chembamba cha kuziba mwanya, palikuwa na mbili, zimegandana kwa mafuta kama kurasa za kitabu kilicholowa. Unene wa karatasi tu, lakini ulitosha kuinyima injini nguvu. Enzi zile kiwanda kilijaribu injini moja katika kila kumi, na hii haikuwa mojawapo. Marehemu alizitia gasketi mfukoni, akaweka moja mpya, akafunga, akapiga lakiri. Alijiambia kwamba akitaja moja mbovu, hakuna atakayeziamini nyingine zote. Ukweli ni kwamba aliona haya mbele ya mtoto wake.

Alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2023 alianza kuumwa tumbo, akanyamaza, hadi saratani ya kongosho ikawa imekwisha kuenea. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kaka huyu alikuwa na maradhi mawili. Mwezi uliopita alimsimulia mdogo wake habari ya gasketi, akampa bahasha. "Mpe mwanangu. Mwambie haukuwa mguu wake."

"Mwambie mwenyewe, kaka. Simu hiyo hapo."

Akageukia ukutani. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa tisa alasiri. Binti alifika saa kumi na mbili, akakuta kitanda kimeshatandikwa.

Ameacha mjane, binti, wadogo watatu, na bahasha hii, ambayo mdogo wake ameshinda nayo mfukoni siku zote za msiba bila kuthubutu kuitoa. Woga ni wa ukoo, inaonekana. Binti yetu, inuka uipokee. Ulistahili kuambiwa ukiwa na miaka kumi na mitano, tena na yeye mwenyewe. Gasketi zote mbili zimo, bado zimegandana.

Mguu wako haukuogopa. Aliyeogopa tunamzika leo. Apumzike kwa amani, kama ataiweza.