Natalina Poni, Aliyepima Shingo Zetu kwa Tochi

Mama Natalina Poni anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kufanya kazi katika kliniki yetu ya viungo hapa Mangateen, Juba, kwa miaka kumi na minane na miezi miwili. Nimeombwa niandike wasifu huu mimi, Barni wa mapokezi, kwa sababu dawati langu limetazamana na mlango wake kwa miaka kumi na mmoja. Nilikubali haraka. Nilipokaa kuandika, ndipo nikagundua kwamba naujua mlango wake kuliko ninavyomjua yeye.

Alizaliwa Juba mwaka 1965, akakimbilia Kenya akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, yeye na dada yake. Alianza kama mfagiaji katika hospitali ya majeruhi wa vita kule Lokichoggio. Daktari mmoja alimwona akimfundisha kijana aliyekatwa mguu namna ya kusimama, akamtafutia nafasi chuoni. Alisomea tiba ya viungo, akafanya kazi Eldoret, na amani ilipotiwa saini akarudi nyumbani. Dada yake alibaki huko. Aliaga dunia mwaka 2016, na Mama Natalina alichukua likizo ya siku tatu tu. Siku ya nne alikuwa kazini, saa moja kasoro kumi, kama kawaida yake.

Wagonjwa walimwita Mama Tochi. Kipimo chake kilikuwa rahisi, na wapya wote walikicheka. Alikuketisha kwenye kiti, sentimita tisini kutoka ukutani, akakufunga tochi ndogo kwenye paji la uso. Ukutani kulikuwa na karatasi yenye duara ndani ya duara. Unatazama mbele, mwanga unatua katikati. Kisha unafumba macho, unageuza kichwa mpaka mwisho, na kukirudisha pale unapodhani ndipo kilipokuwa. Yeye anatia alama ya kalamu mahali mwanga ulipotua. Mwenye shingo nzima hukosea kidogo tu. Mwenye shingo iliyoumia hutua mbali, naye huapa kwamba yuko sawasawa kabisa. Akishafumbua macho haamini.

Hakuacha kazi yake getini. Kwenye harusi ya mwenzetu Fortunate alimwinua bwana harusi kidevu mbele ya mpiga picha. Na sote tumewahi kushtuliwa na kidole chake mgongoni tukiwa tumeinamia simu.

Mwaka 2019 aliletwa kwetu dereva wa lori, Gatwech. Lori lake lilikuwa limeegeshwa Nesitu, yeye akiwa ndani, likagongwa kwa nyuma na jingine. Picha ya eksirei haikuonyesha tatizo lolote. Tajiri yake alitaka barua ya kuthibitisha kwamba amepona, arudi kwenye barabara ya Nimule. Madereva wenzake walisema ameogopa tu.

"Mama, hii kichwa iko inazunguka," Gatwech alimwambia. "Lakini picha inasema mimi iko mzima. Sasa nani mwongo?"

Mama Natalina alimpima mara sita. Mara zote sita mwanga ulitua upande wa kushoto, sentimita kumi na mbili, kumi na tatu kutoka katikati. Akakataa kutia saini ile barua.

Daktari Kur, mkuu wetu, alimwita kwenye kikao cha wafanyakazi wote. (Yeye mwenyewe ameniambia niandike haya bila kupunguza.) Alisema, "Tuna picha ya mashine, na wewe una tochi na karatasi. Nimwambie nini tajiri?"

"Mwambie huyu mtu hajui kichwa chake kiko wapi," alijibu.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Tangu siku hiyo, wakati wa chakula cha mchana, tulikaa upande mmoja wa rakuba, kile kibanda cha matete cha uani, naye akakaa peke yake upande wa pili na bakuli lake la bamia na kisra, ule mkate mwembamba wa mtama. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Ilitokea tu, siku ya kwanza, ya pili, hadi wiki ya tatu. Sikuwahi kuhamisha kiti changu. Nayaandika haya kwa sababu sijawahi kumwambia.

Katika wiki hiyo ya tatu Gatwech alikuwa akivuka uani kwenda kwenye mazoezi. Night, mfanyakazi wetu wa usafi, alimwita kwa nyuma kumpa kofia aliyoisahau. Gatwech aligeuza kichwa kumwangalia, akaenda chini kama gunia. Daktari Kur alikuwa mlangoni na aliona yote. Alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, akamfuta vumbi, kisha akatazama dirisha la Mama Natalina kwa muda mrefu. Siku ile alikwenda kula kwenye rakuba upande wa Mama Natalina. Gatwech alifanya mazoezi wiki tisa, akafika sentimita tatu, na barua yake ikatiwa saini.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo Mama Natalina alikuwa na marafiki. Alipata heshima, jambo ambalo ni tofauti. Tulimpelekea wagonjwa wagumu, tukamsifu mbele ya wageni, na jioni kila mtu akarudi kwake. Yeye alifunga mlango, akapanda bodaboda, akaenda kwenye nyumba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia.

Mwezi wa pili mwaka jana bodaboda aliyopanda iligongwa na raksha, yaani bajaji, karibu na soko la Konyo Konyo. Alirudi kazini kesho yake, akasema amechubuka kiwiko tu. Siku kumi baadaye, nilipotoka kuswali adhuhuri, niliingia kwake na mafaili bila kubisha. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, tochi kwenye paji la uso, macho ameyafumba. Aligeuza kichwa kulia, akakirudisha polepole, akanyoosha mkono wenye kalamu kuutafuta ukuta. Haukufika. Akafumbua macho, na papo hapo kichwa kikasogea chenyewe kujiweka sawa, na mahali mwanga ulipokuwa umetua pakapotea.

"Mama, unafanya nini?"

"Najipima."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki jana. Haiwezekani, Barni. Nikiangalia tu, kinajirekebisha. Lazima awepo mtu mwingine."

"Mbona hukuniita?"

"Sikujua nikuite vipi."

Niliweka mafaili chini, nikachukua kalamu. Alifumba macho, akageuka, akarudi. Nilitia alama.

"Ngapi?" aliuliza, bado amefumba.

Nilitaka kumdanganya. "Kumi na moja. Kulia."

Aliweka mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Haya. Tena."

Tulifanya hivyo kila mchana kwa zaidi ya mwaka. Nilimjua wakati huo, kwa dakika kumi kumi: kwamba hapendi chai yenye maziwa, kwamba bado analipia laini ya simu ya Kenya kwa sababu dada yake alikuwa akiipiga. Alishuka hadi kumi, hadi tisa, akafika nane, na hapo akakwama. Mwaka huu Daktari Kur alimwomba aongeze miaka miwili. Alikataa. Alisema anayeshika shingo za watu lazima kwanza ashike yake. "Khalas, daktari," alimwambia. "Nimechoka vizuri."

Wiki iliyopita nilimpa karatasi aandike majina ya jamaa zake, tuwawekee viti vya mbele kwenye sherehe. Aliirudisha ikiwa tupu, imekunjwa vizuri. Tumeviweka viti vinne hivyo hivyo. Watakaa Daktari Kur, Night, Fortunate na mimi. Hatujidanganyi kwamba tumekuwa ukoo wake kwa kukalia viti.

Mama Natalina, asante kwa mamia ya watu wanaotembea Juba hii bila kuanguka, na wengi wao hawalijui jina lako. Asante kwa kutosaini. Utuwie radhi kwa wiki zile tatu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na mlango unaobishwa mara kwa mara. Nimeuliza njia ya kufika kwako. Jumatano ijayo nitabisha mimi.