Wimbo wa Kumupokea Nkambo

Bamama, bababa, siye njo tulilia pamoja, basi leo nitasema.

Munamukumbuka nkambo wangu, mama ya mama, wa hapa Ruashi. Alikuwa na wimbo mumoja wa kilio. Ule wimbo unaita bankambo betu kwa majina, kuanzia bale balitoka kaskazini kuya kufanya kazi ya reli, ili bamupokee mwenye amekufa. Yeye peke yake njo aliujua wote. Mi nilikuwa nasoma informatique, kazi ya ordinateur, ku université ya Kasapa. Nikamurekodi mu telefone, nikaandika maneno mu fichier ya ordinateur, halafu nikafuta sauti juu telefone ilijaa.

Nikatengeneza programme ya kupanga ile majina. Ikikosea, ilitoa maandishi mekundu. Nkambo akashituka: "Mwana, hii damu ni ya nani?" Bandugu zangu, munajua, kwetu mukubwa haumuonyeshe matatizo. Nikaiambia programme: ukikosea, nyamaza, andika tu "Iko bien", ni kusema iko muzuri.

Siku moja ikafuta fichier ya zamani ya wimbo ili iandike upya, ikajikwaa kabla ya kuandika hata neno la kwanza. Ikaandika "Iko bien". Nami nikafunga ordinateur na furaha yangu, mujinga mie.

Nkambo akakufa. Ku kilio bantu bote bakaningojea. Nikafungua fichier: nyeupe, hakuna hata neno. Mujomba akaniuliza:

"Sasa nani atamupokea?"

Niliacha masomo. Niliacha kula. Nawaambia kweli, nilitamani kumufuata.

Halafu mama mumoja wa kwaya yetu akaingia kwangu, akakaa chini.

"Minakumbuka kipande. Andika."

"Mama, mikono inakataa."

"Andika, nasema!"

Kisha bengine bakakuya, kila mumoja na kipande chake. Aksanti, bamama. Bila nyie ningekuwa kando ya nkambo.

Sasa programme yangu inaandika fichier mupya pembeni, inaisoma, kisha njo inaondoa ya zamani. Ikikosea, inapiga kelele nyekundu, nami naiacha ipige. Muficha maradhi, kilio kitamufichua.

Majina mingi haikurudi. Pale programme inaandika: "Hapa kunakosa muntu." Siku tulirudi ku kaburi kumuimbia, tukifika pale tulinyamaza, kisha tukaendelea.

Nani alimupokea nkambo? Sijue. Lakini hatukumuambia tena "Iko bien".