Dada Tulasa, Aliyetaja Majina ya Waume za Watu

Mwisho wa mwezi huu wa Asar, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Dada Tulasa Basnet anastaafu hapa Simaltar, mji wetu wa milimani. Ishirini aliitumikia ofisi ya simu, iliyobaki Redio Simaltar, kwenye jengo lilelile linalovuja palepale. Nimeombwa niandike jambo la furaha. Nitajitahidi, ingawa mimi ni fundi mitambo, mvua imeanza, betri za mnara zimekwisha nguvu, na aliyekuwa akinichemshia chai ndiye huyo anayeondoka.

Wazee wa ofisi wanaikumbuka simu ya enzi zile. Wanaume wetu walikuwa wamejazana vibaruani Qatar, kambi nzima na simu moja, na aliyepokea kule alitaka jina tu: nani aitwe? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mke wa kwetu hataji jina la mumewe; kulitaja ni kumpunguzia siku za kuishi. Basi mama wa watu ameshuka mlima tangu alfajiri, kafika dirishani, anaulizwa jina, anavuta shali mdomoni na kuinama.

Wenye watoto walikuwa na nafuu: baba fulani, basi. Wasio na watoto walisema kwa mafumbo. Aliyeolewa na Surya, yaani Jua, alinyoosha kidole juu. Mwingine alileta ua kutoka nyumbani, likafika limenyauka, na foleni nzima ikabishana ni ua gani. Dada Tulasa alisikiliza, akakisia, akalitaja jina kwa sauti, na mwenye mume akaitikia kwa kichwa. Mke wa mtu mwingine hakatazwi. Ndiyo maana sokoni walimwita Mdomo wa Wake za Watu, naye hakuchukia.

Alikosea mara moja, na kosa lile bado linachekesha hadi kwenye vibanda vya chai. Mama mmoja alinyoosha kidole dirishani, upande wa mlima wa theluji. Dada akaelewa: Himal. Akaagiza Himal aitwe. Kumbe siku hiyo mlima ulikuwa umefunikwa, na yule mama alikuwa akionyesha wingu: mumewe ni Megharaj, mfalme wa mawingu! Laini za wakati huo zilimfanya kila mtu asikike kama yumo ndani ya mtungi, na wake zetu humwita mume "Unasikia?" tu. Wakazungumza wee, nyati amezaa, paa linavuja, mahindi yameliwa na nyani, hadi Himal akauliza, "Na binti yangu je?" Mama akaruka: "Binti gani tena? Umempata wapi?" Megharaj alipoletwa, swali lake la kwanza lilikuwa mkewe ameongea na nani muda wote huo. Tangu hapo, aliyeonyesha dirishani aliulizwa kwanza: "Kinachokaa au kinachopita?"

Simu za mkononi zilipokuja, dirisha lile lilifungwa na Dada akahamia kwetu redioni. Akapewa kipindi cha Jumamosi cha kuwatafuta waliopotelea ughaibuni. Ni kazi inayochosha moyo, tusidanganyane. Kwa mmoja anayepatikana, wengi hawapatikani, na wake zao hurudi wiki inayofuata na kukaa kwenye benchi lilelile. Dada alitaja majina yote kwa niaba yao. Jina la mumewe mwenyewe hakulitaja hata siku moja.

Ndiyo, naye alikuwa na wa kumtafuta. Mumewe alikwenda Malaysia miaka kumi na minane iliyopita, akapiga simu mwaka wa kwanza, kisha kimya. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hata "baba fulani" hana. Mimi nilijitolea: "Dada, nipe jina nilisome mimi, si mume wangu." Akanijibu, "Ukilisoma wewe atadhani serikali inamtafuta, atazidi kujificha. Halafu nani kakwambia amepotea? Amenyamaza tu."

Shemeji yake Narbir, mwenye kibanda cha chai pale stendi, hakuona hivyo. Asiyesikika kwa miaka kumi na miwili, kwetu husukiwa sanamu ya nyasi takatifu ya kushi na kuchomwa badala ya mwili, roho yake ipumzike, na mkewe avunje bangili kama mjane. "Tunamwacha kaka yangu akitangatanga," Narbir alisema kila mwaka. Na kila mwaka Dada alijibu kwamba kazini hapati ruhusa ya siku za matanga. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuiomba. Sasa kazi imekwisha, na kisingizio nacho kimekwisha. Matanga yamepangwa mwezi ujao, Saun.

Jumamosi iliyopita kilikuwa kipindi chake cha mwisho. Siku hizi tunasikika kwenye simu hadi huko Malaysia. Alisoma majina ya waume za wenzake, akafunga daftari. Nikanyoosha mkono nizime maikrofoni. Ndipo akasema:

"Na wewe Rudrabir Basnet wa Bhalukharka. Unasikia? Ni mimi. Mama yako alifariki mwezi wa Magh, alikuita. Paa nimeezeka bati. Kama umeoa huko, sawa, sitauliza. Piga tu, useme u hai. Ukinyamaza hadi Saun, watakuchoma nyasi, nami nitavunja bangili. Jina nimelitaja. Unisamehe."

Ofisi nzima ililia, nami nikiwemo. Mpishi wa ofisi alikuja na masufuria yake akasimama mlangoni. Simu ililia papo hapo, sote tukaruka. Alikuwa Narbir, anapiga kutoka kibandani: "Shemeji, sikujua. Tuache Saun ipite. Tungoje hadi sikukuu ya Dashain, hata mwakani, utakavyo wewe."

Dada alijifuta uso kwa ncha ya sari. "Hapana, Narbir," akasema. "Saun ni Saun. Nimechoka kungoja, mdogo wangu. Kata nyasi." Kisha akakata simu, akauliza kama chai ipo.

Redio Simaltar inakushukuru, Dada Tulasa, kwa sauti yako uliyowaazima wengi, na kwa chai. Tunakuombea miguu yenye nguvu, mwaka mzuri wa mahindi, na usingizi usiokatizwa na mlio wa simu. Hadi leo ninapoandika mumeo hajapiga. Akipiga kabla ya Saun, nitapanda Bhalukharka mimi mwenyewe kukuita, hata kama barabara imezolewa na maporomoko. Asipopiga, tutapanda vilevile, ofisi nzima, tukae nawe siku zote za matanga.