Hodi ya Nne

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote, wasikilizaji wapendwa. Hebu acheni kidogo kugonganisha masufuria huko jikoni, leo nina mtu wa kumkumbuka. Jumanne alasiri, hapa Mombasa, Mji wa Kale, alifariki Bi Mwanatumu binti Shee. Alikuwa na miaka themanini na minane. Ni yule mama ambaye mlango wake wa chini haukutiwa komeo mchana kwa karibu miaka sabini.

Wengi mlimjua kwa jambo hilo. Ukisimama mlangoni pake, kabla hujamaliza kusema hodi, yeye ashaitika. "Karibu! Pita, pita!" Mimi mara ya kwanza sikuwa hata nimefungua mdomo, nilikohoa tu. Nikasikia karibu. Nikacheka, nikasema huyu mama ana masikio! Wallahi ningelijua, nisingelicheka.

Twende mwaka wa arubaini na saba. Ushikeni mwaka huo. Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mashindano makubwa ya mpira, na timu zilikuja kutoka Uganda, Tanganyika na Unguja. Mji ulijaa wageni, kila pembe mtu anauliza njia.

Sasa, kipa wa Tanganyika hakuwa mgeni. Alikuwa Kibwana bin Shee, kaka yake Bi Mwanatumu, mtoto wa Mji wa Kale hasa. Miaka sita nyuma aligombana na baba yake kwa ajili ya huo huo mpira. Baba alimtaka dukani, yeye haondoki uwanjani. Siku moja akatoka asimuage mtu. Hata mdogo wake hakumuaga, na alikuwa akimpenda kama nini. Alikuwa akimwita Tumu. Miaka sita, hakuna barua. Sasa Tumu ana miaka kumi na tisa, na kaka yuko mjini.

Siku moja kabla ya mechi, wachezaji walipewa ruhusa watembee. Wenzake walifuatana kundi zima kuangalia mji. Kibwana akashika njia yake peke yake. Alikopita tunakujua, kwa sababu Bi Mwanatumu alikuja kuulizia baadaye, duka kwa duka, mtu kwa mtu. Asubuhi alisimama Ngomeni, na wakati ule Ngome ilikuwa jela. Akala mahamri kwa mbaazi, akaongeza sahani ya pili, akamwambia muuzaji kwamba huko aliko mbaazi hawazipiki hivi. Adhuhuri alikuwa mtaa tunaouita leo Biashara Street, dukani kwa Bwana Ghulam Gaffar. Alichagua kanga mpaka mwenye duka akachoka.

"Bwana, ya mke hiyo?"

"Ya dada yangu. Sijui sasa amefika urefu gani."

Ghulam akacheka. "Kanga ni ile ile, arefuke afupike!"

Alasiri akafika kwao. Baba na mama walikuwa wamekwenda hitmani Majengo. Tumu yuko ghorofani, peke yake. Akachungulia dirishani, akamjua kwa kidole chake cha shahada kilichopindishwa na mpira. Hapa nampisha Bi Mwanatumu mwenyewe. Haya ni maneno aliyoniambia mwaka jana.

"Akabisha, 'Hodi.' Nikanyamaza. Moyo wanipiga, lakini nalikuwa nimenuna, mwanangu. Miaka sita! Nikasema, naye aonje kungoja. Hodi ya pili. Nikaziba mdomo kwa leso nisicheke. Ya tatu. Nikangoja ya nne. Nalitaka aniite jina. Aseme 'Tumu' tu, basi, nimrukie."

Ya nne haikuja.

Wasikilizaji wapendwa, adabu yetu mnaijua. Hodi ni tatu. Ukibisha tatu usiitikiwe, unarudi zako, wala hulaumu. Na aliyemfunza Tumu adabu hiyo ni nani? Ni Kibwana mwenyewe, zamani hizo akimshika mkono wakipeleka sahani za futari kwa majirani. Tumu alilisahau hilo kwa dakika moja tu.

Akateremka ngazi mbio. Kufika mlangoni, hana buibui. Msichana wa mji ule, mwaka ule, atatokaje? Akapanda tena kulitafuta. Alipofungua mlango, kichochoro kimejaa wageni wa mpira, na Kibwana hayupo. Kizingitini pana doti ya kanga, imefungwa kwa gazeti.

Siku ya pili yake, mechi. Yeye alikaa juu akisikia mji unapiga kelele, asijue kaka yake kadaka au kafungwa. Kumwambia baba aliogopa. Alipopata ujasiri wa kumwambia mama, timu ilikuwa ishaondoka. Barua mbili zilikwenda Tanganyika, majibu hayakuja.

Mwaka wa arubaini na tisa ikaja barua ya mchezaji mwenzake. Kibwana alikufa Tanga, kwa homa. Ndani mlikuwa na mstari mmoja ambao Bi Mwanatumu alikuwa akiusoma kwa moyo: "Alituambia alifika kwao, akakuta wenyewe wametoka."

"Sijui alisadiki hivyo," aliniambia, "au alitustiri tusiaibike mbele za watu. Hilo ndilo linalonila."

Tangu hapo, kila siku alasiri, alikuwa akisikia hodi. Siku ile nilipokwenda kumhoji tulikuwa tunakunywa kahawa. Mara akainua kidole.

"Umesikia?"

Sikusikia kitu. Nikamuonea huruma, nikadanganya. Nikasema nimesikia.

"Ngapi?"

"Mbili, Bi."

"Basi bado moja." Akainuka na magoti yake mabovu, akateremka ngazi kwenda mlangoni.  

Ile doti hakuikata wala hakuipinda upindo. Vipande viwili, bado vimeshikana kama vilivyotoka dukani. Jina la kanga hiyo, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, familia imeniomba nisilitaje. Jumatano, alipokuwa akiteremshwa kaburini, wanaume waliitanda juu yake kumsitiri, nzima, wameishika pande zote. Ndiyo mara ya kwanza kanga ile kufunguliwa.

Kwa bintiye, Bi Mwanaesha, na jamaa wote: poleni sana. Mola amrehemu, awakutanishe. Na wewe unayenisikiliza, ambaye umemnunia nduguyo ukingoja akubembeleze zaidi, mfungulie leo. Mimi nina kaka yangu Mwembe Tayari. Mwaka wa tatu huu hatusemezani. Nikitoka hapa ninakwenda.

Nilizungumza na Bi Mwanaesha asubuhi hii. Nikamuuliza kama mlango sasa watautia komeo.

"Nalitaka kuutia," akanijibu. "Jana alasiri nikashtukia nimesema, 'Karibu, pita.' Hapakuwa na mtu aliyebisha. Nikateremka vivyo hivyo."