Ambroise Unencan, Mwalimu wa Wadogo Kabisa

Ninyi mliotoka Mahagi, ninyi mliotoka Mongbwalu, na ninyi majirani wa Mudzipela, wengi wenu mlimfahamu Ambroise upande mmoja tu. Kuna waliomjua akiwa na sururu begani, na kuna waliomjua akiwa amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kidevuni. Alikuwa mtu mmoja, na haya ndiyo maisha yake.

Ambroise Unencan alizaliwa tarehe 9 Juni 1986 huko Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Louis Ucircan, mfanyabiashara wa samaki wakavu, na mama Elisabeth, ambaye yuko nasi hapa leo. Mama anasimulia kwamba alichelewa kusema hadi akakaribia miaka mitatu, na kwamba neno lake la kwanza lilikuwa jina la mbuzi wa jirani. Hakuna aliyemharakisha. Baadaye, mzazi alipomjia na wasiwasi kwamba mtoto wake bado hasemi, Ambroise alimsimulia habari za yule mbuzi.

Shule ya msingi alisoma Mahagi-Port kuanzia 1992 hadi 1998, kisha akaingia sekondari Mahagi, katika mafunzo ya ualimu. Vita vya mwaka 2003 vilimkuta mwaka wa tano wa sekondari. Shule ilifungwa, familia ikatawanyika, na ilipofunguliwa tena yeye hakurudi. Mwaka 2005 alifuata binamu zake hadi Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu, na huko akafanya kazi miaka kumi pamoja na Wakristo na Waislamu waliotoka pande zote. Desturi ya huko aliishika kama wenzake: kila jioni, kabla ya kuondoka shimoni, kila mtu anageuza mifuko yake nje, anakung'uta nguo, anainua nyayo. Anayeona aibu anashukiwa kuficha dhahabu.

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa kanisani, hapa Bunia, na Pétronille Berocan, mwuza mboga wa soko la Mudzipela. Mungu aliwajalia watoto wawili, Arlette na Dany. Pétronille anasema mume wake alikuwa mtu wa maneno machache, ila kwa watoto alizungumza mpaka wakamchoka.

Mwezi wa tatu mwaka 2015 udongo uliporomoka shimoni ukamvunja mguu wa kushoto. Alirudi Mudzipela na magongo mawili, akakaa nyumbani na Arlette wakati Pétronille akienda sokoni. Majirani walimwona. Asubuhi moja mama mmoja alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Baba Arlette, leo hauna kazi, si ndiyo? Uniangalilie huyu kidogo."

Hiyo kidogo ilifika saa kumi na moja jioni. Kesho yake walikuja wawili, na mwisho wa mwezi walikuwa kumi na mmoja. Mguu ulipopona, wenzake wa Mongbwalu walituma watu kumwita. Alijibu kwamba ana watoto wa watu mikononi na hawezi kuwaacha. Mwaka 2016 alifanya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, kama mtu aliyejisomea nyumbani, akafaulu, na mwezi wa kumi mwaka 2017 akajiandikisha katika chuo kidogo ambacho wazazi wa Mudzipela walikuwa wamekianzisha kwa ajili ya kuandaa walimu wa maternelle, yaani wa watoto wa miaka mitatu hadi mitano.

Siku ya kwanza alifungua mlango akakuta wanawake thelathini. Mama Faida, mwalimu mkuu wa chuo, alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Baba, fundi wa mabati alisha kuya jana."

"Hapana, mama. Mi nakuya kusoma."

"Kusoma nini?"

"Kulea batoto."

Walicheka hadi Mama Faida akapiga meza. Lakini walimpa nafasi kwenye benchi, na wiki chache baadaye hawakucheka tena. Chuoni, kabla ya kupelekwa kwa watoto wenyewe, kila mwanafunzi anafundisha somo la majaribio mbele ya wenzake, nao wanajifanya watoto. Zamu ya Ambroise ilipofika, wanawake wanane walipatana kulia kwa pamoja ili kumshinda. Alisimama hajui aanze na nani. Mwishowe alikaa chini katikati yao, akaanza kulia naye, kwa sauti yake nzito ya mtu wa shimoni. Wote wakanyamaza kumwangalia.

"Hiyo sikuwafundisha," Mama Faida alisema. "Lakini muandike."

Katika mafunzo ya vitendo, mwezi wa nne mwaka 2018, alifanya kosa ambalo lilikaribia kummaliza. Alipewa darasa la watoto ishirini na sita. Vizibo vya chupa walivyotumia kuhesabia vilikuwa vikipungua kila siku. Basi mchana mmoja aliwapanga watoto mlangoni na kuwageuza mifuko, mmoja mmoja, wakung'ute nguo na kuinua nyayo. Watoto walifurahi sana, waliona ni mchezo. Mama mmoja aliyeitwa Bijou, aliyekuja kumchukua binti yake, hakuona mchezo.

"Mutoto yangu haiko mwizi!"

"Mama, minaomba musamaha. Kule kazini tulifanyaka hivi."

"Basi rudia kule! Weye iko mutu ya zahabu. Kila mutu unamuona mwizi, hata mutoto wa miaka tatu."

Wazazi wengine walimuunga mkono, na shule ikaandikia chuo kwamba haimtaki tena. Ambroise hakujitetea. Alienda kwa miguu, kwa mguu ule uliowahi kuvunjika, nyumba hadi nyumba, akaomba msamaha kwa wazazi wote ishirini na sita. Bijou alimsikiliza akiwa amesimama, hakumpa kiti. Alikubali kwamba amalize mafunzo, na shule ikamrudisha, ila binti yake alimpeleka shule nyingine.

Maneno ya Bijou hayakumtoka Ambroise. Kazi yake ya kumaliza masomo aliiandika juu ya mifuko ya watoto wadogo. Kwa miezi mitano aliwauliza watoto, kwa hiari yao, wamwonyeshe walichobeba, naye akaandika: kifungo, maharagwe matatu, kipande cha chapati cha dada, jiwe, jiwe, jiwe, utepe wa mama aliyekwenda Komanda. Wakati wa kutetea kazi hiyo, tarehe 20 Julai 2019, mmoja wa waamuzi alimuuliza kama kweli huo ni utafiti. Alijibu kwamba mtoto wa miaka mitatu haibi, anachukua kitu cha mahali ili aamini kwamba kesho atarudi. Alifaulu kwa alama sitini na nane kwa mia, na Mama Faida alilia waziwazi.

Mwezi wa tisa mwaka huohuo aliajiriwa katika shule ya maternelle hapa Mudzipela, akapewa watoto wa miaka mitano. Alichotaka yeye ni wadogo kabisa, wale wa mwaka wa kwanza. Kila mwaka aliomba, na kila mwaka alijibiwa kwamba wazazi hawatakubali mwanaume. Hakununa, lakini nyumbani alikuwa akisema, "Diplome yangu imeandika miaka tatu hadi tano. Batano bananipa. Batatu batanipa lini?"

Mwezi wa sita mwaka 2025 mkurugenzi wa shule alikubali ombi lake, akaita mkutano wa wazazi kuwaarifu. Baba Gaspard, dereva wa lori na baba wa Davy, ndiye aliyesimama kwanza.

"Mwalimu, hatukukatai. Ba miaka tano, sawa. Lakini hawa ba kubadilisha suruali, hapana. Hiyo kazi ya mama."

"Baba Davy, kwako nani anabadilishaka?"

"Bibi yangu, mama ya Davy!"

"Na siku bibi haiko?"

Mama mmoja nyuma alimjibia Gaspard: "Siku haiko, mutoto anangoja!"

Mkutano mzima ulicheka, lakini kicheko hakikumaliza neno. Kati ya watoto ishirini na wanane, tisa waliondolewa, na Davy wa Gaspard alikuwa wa kwanza. Ambroise alianza na kumi na tisa waliobaki.

Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa. Kikohozi kilimwanza mwaka 2024, na madaktari wa hapa Bunia walimwambia kwamba vumbi la mawe lilikuwa limekula mapafu. Sauti ile nzito ilipungua mpaka ikawa mnong'ono. Watoto walilazimika kumkaribia ili wamsikie, nao wakazoea kunong'ona kama yeye. Mkaguzi alipokuja mwezi wa kumi, alipita mlango wa darasa hilo akidhani halina watu. Pétronille alimwomba mara nyingi apumzike. Alikubali tarehe 21 Novemba, aliposhindwa kusimama, na tangu siku hiyo hakurudi shuleni, ingawa kila mchana alitaka aambiwe nani amefika na nani amelia.

Jumapili tarehe 1 Februari mwaka huu, baada ya misa, Gaspard alikuja nyumbani akimshika Davy mkono.

"Mwalimu, kule nilimupeleka analia kila siku. Hapa barabarani anakutana na batoto bako, bananong'ona, na yeye anataka kunong'ona. Mumuandike."

"Mimi niko kitandani, Baba Davy."

"Najua. Nataka muandike weye."

Ambroise alimwomba Pétronille amletee daftari la darasa. Aliinuliwa kwa mito miwili, akamuuliza mtoto jina lake, akamngoja. Ilichukua muda mrefu. Davy alipolitaja, kwa mnong'ono, Ambroise aliandika chini ya lile la kumi na tisa, kwa mkono wake. Herufi zimepinda, lakini zinasomeka.

Alifariki Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Ameacha mama yake Elisabeth, mjane wake Pétronille, watoto wake Arlette na Dany, ndugu watano, na watoto ishirini wa mwaka wa kwanza.

Mungu amlaze mahali penye utulivu.