Saa Saba Kamili

Kwenye basi la kwenda Masaya, Nikaragua, Zoraida alikuwa ameshachoshwa na jirani yake wa kiti, mama mmoja aliyejipulizia manukato mengi.

"Wamarekani hawana adabu, mwanangu. Nilimwalika mchumba wa kijana wangu chakula saa saba, naye akaja saa saba. Kanikuta na taulo kichwani, kuku bado mbichi."

"Si ndiyo saa uliyomwambia, mama?"

"Mtu aliyelelewa vizuri humwachia mwenyeji nafasi ya kuoga."

Zoraida akashusha pumzi. "Na leo umependeza hivi, unakwenda wapi?"

"Harusini kwao, kijana wangu na huyo mchumba wake. Kadi inasema saa nne, kwa hiyo saa nne nikaingia kuoga."

Basi likasimama kanisani. Maharusi walikuwa wanashuka ngazi, wakimwagiwa mchele.

"Umeona sasa?" mama akasema. "Si nilikwambia?"