Mtoto Wangu Hakuwa Anamwiga Mwalimu

Wamama wenzangu, uvumilivu wangu uliisha pale mwalimu aliposimama mbele ya wazazi wote akasema, "Mama, msichana wako amenizoea. Nikimuuliza kitu ananiiga." Wengine wakacheka. Nikasimama. "Haigi mtu. Na wewe humfundishi, unamchapa."

Wacha niwaeleze tulivyofika hapo. Msichana wangu ana usonji. Ukimwambia, "Toa viatu, weka kikombe jikoni, uje unawe," kinachobaki kichwani ni kunawa. Ukimuuliza, "Umekula?" anasema, "Umekula." Na huku kwetu mtoto akirudia maneno ya mkubwa, hiyo ni madharau. Kogo yake, mama ya mume wangu, alisema nimemlea vibaya. Kanisani niliambiwa nifunge na kuomba. Nawaambia ukweli, nilifunga, nikaona njaa tu.

Halafu akarudi kutoka shuleni mikono imevimba. "Nani amekuchapa?" "Amekuchapa." Nikiuliza, napata maneno yangu mwenyewe. Nikaacha maswali. Nikaweka mezani kikombe chake cha uji wa shule, nikanyamaza. Akakitazama sana. Kisha akasema, kwa sauti ya mwalimu kabisa, "Utajibu ama hutajibu? Leta mkono."

Nilimpeleka hospitali Kericho. Dada anayefundisha watoto kuongea akanieleza: huyu analirudia swali ili lisimtoroke akitafuta jibu. Ukimharakisha, yote yanapotea. Muulize kwa ufupi, mpe kitu cha kushika, ungoje. Kumbe wakati huo wote alikuwa anajaribu kujibu, na tukamwita mtundu.

Nilimweleza mwalimu hayo yote. Akasema hana wakati wa kungoja mtoto mmoja. Ndio akaja kunitangaza kwa wazazi.

Siku hizi anajibu. Juzi, kogo yake akiwa ametutembelea, nilimpa mtoto kibuyu cha maziwa ashike, nikamuuliza habari za kwa kogo, nikangoja mpaka chai ikapoa. Akasema, "Ng'ombe amezaa." Kogo yake akakaa chini. "Kumbe alikuwa ananijibu," akasema.

Asante kwa dada yule, na nyinyi mliochuma majani chai kwa zamu yangu nikienda kliniki. Mtoto akirudia maneno yako, funga mdomo ungoje. Mwalimu sijamsamehe, na msinihubirie. Chifu alitaka tuyamalize nyumbani, nikakataa. Jumatatu nilipeleka malalamiko ofisi ya elimu, nikasimama hapo mpaka yakapigwa muhuri. Niliandika hivi: mtoto wangu amechapwa akiwa bado anatafuta jibu.